Dada Atakaa na Mama



 Leo nataka kusema nanyi juu ya neno ambalo likitajwa katika nyumba nyingi watu huinamisha vichwa, na yule aliyelitaja huambiwa kwamba ana uchuro. Neno hilo ni wosia. Pamoja nalo nitasema juu ya utunzaji wa wazazi waliozeeka. Tumezoea kuyatenga mambo haya: hili la urithi tunalipeleka katika kikao cha ukoo, na lile la utunzaji tunaliacha chumbani kwa mgonjwa, mikononi mwa mtu mmoja. Nimekuja kuwaambia kwamba ni jambo moja.

Hebu tufungue kitabu cha Tobiti. Mzee huyu alikuwa mmoja wa Waisraeli waliohamishwa na kupelekwa Ninawi, mtu wa sadaka, aliyezoea kuzika maiti za watu wa taifa lake hata pale mfalme alipokataza. Usiku mmoja alilala uani karibu na ukuta, mavi ya ndege yakamwangukia machoni, akapofuka. Tangu hapo nyumba ile ikaendeshwa na mkewe Anna, aliyefanya kazi ya kufuma kwa ujira. Siku moja waliomwajiri walimpa mwanambuzi juu ya malipo yake. Tobiti aliposikia mlio wa mnyama yule ndani ya nyumba, hakushukuru. Alidhani mkewe ameiba, akamwamuru amrudishe, na maneno makali yakapita baina yao. Ninyi mnaotunza wagonjwa majumbani, someni sura ile ya pili. Nafikiri mtajiona humo. Kumlisha mtu, kumwogesha, kisha kutukanwa naye kwa sababu ya mambo ambayo hukuyatenda, ni msalaba ambao hauonekani na wanaokuja kusalimia kwa nusu saa wakiwa na mkono wa ndizi.

Basi Tobiti alivunjika moyo hata akamwomba Mungu amchukue. Na kwa kuwa aliamini kifo ki karibu, akakumbuka kwamba zamani aliweka amana ya talanta 10 za fedha kwa jamaa mmoja aitwaye Gabaeli, katika nchi ya Media. Akamwita mwanawe Tobia ili amweleze.

Angalieni sasa mpangilio wa maneno yake. Fedha ndiyo iliyomkumbusha kusema, lakini hakuanza na fedha. Alianza kwa kusema juu ya maziko yake. Mara baada ya hayo akamsemea mke wake: kwamba kijana amheshimu mama yake siku zote za maisha yake, asimwache, akumbuke hatari alizozipata akiwa na mimba yake, naye atakapokufa, azikwe kando ya mumewe katika kaburi moja. Ndipo yalipofuata maonyo mengine mengi, na mwisho kabisa wa sura ya nne akafika kwenye zile talanta. Mama kwanza, mali baadaye. Tena katika sura ya tano tunaona kwamba amana ile haikuwa ya maneno matupu. Kulikuwa na hati iliyogawanywa vipande viwili, kila mmoja na kipande chake, na baada ya miaka 20 kijana aliweza kwenda nayo akapewa fedha bila ubishi.

Na tusisahau hili: Tobiti hakufa. Alitoa wosia, na baada ya safari ya mwanawe akapata tena kuona, akaishi miaka mingi, akawaona wajukuu. Wale wanaoogopa kwamba mtu akiandika wosia anajiitia kifo na wamwangalie mzee huyu.

Ndugu zangu, sasa nitawaambia habari ya nyumbani kwetu. Nimeifikiria sana kabla ya kuileta hapa. Nimepata ruhusa ya dada yangu.

Sisi ni watu wa Kilimanjaro. Kihamba chetu ni kidogo, kama vilivyo vihamba vingi siku hizi: migomba, kahawa chini yake, mfereji unaopita kando, na makaburi ya babu zetu chini ya masale. Mwaka 2003 mama yetu alipatwa na kiharusi, akapooza upande mmoja. Dada yangu wakati huo alikuwa fundi cherehani mjini Moshi, na alikuwa ameanza kupata wateja wa sare za shule. Hakuna aliyekaa chini akamwambia aache kazi. Alikuja kumwuguza mama kwa wiki mbili, wiki zikawa miezi, na cherehani ikabaki mjini kwa rafiki yake mpaka ikauzwa. Kila baada ya saa chache, mchana na usiku, alimgeuza mama ili asipate vidonda vya kulalia. Alifua mashuka, alimlisha uji kwa kijiko, alijua kwa macho tu kama mama ana kiu au ana maumivu. Sisi wengine tulituma fedha. Mimi padre nilileta Komunyo na kuondoka kabla giza halijaingia.

Mwaka 2007 baba, aliyekuwa mzima wa afya, ndiye aliyetangulia. Hakuacha wosia wa maandishi wala wa mdomo. Tulimzika, na siku chache baadaye ukoo ukaketi. Mdogo wetu wa mwisho akapewa nyumba na sehemu ya chini, kwa kuwa mila yetu humpa kitinda mimba nyumba ya wazazi. Kaka mkubwa akapewa sehemu ya juu. Mimi nilisema sihitaji kitu, nikasifiwa. Ndipo mzee mmoja wa ukoo akauliza: na huyu dada yenu? Likatoka jibu, sikumbuki hata kwa nani: dada atakaa na mama. Watu wakatikisa vichwa kukubali, kwa maana neno lile lilisikika kama heshima. Kikao kile nilikifungua kwa sala, na nilikifunga kwa sala. Katikati sikusema lolote.

Mama alifariki mwaka 2010. Dada alikuwa amekaa naye miaka saba. Mwezi wa tatu baada ya maziko, aliambiwa kwa upole kwamba chumba kinahitajika kwa ajili ya watoto, naye ajitafutie mahali. Akaondoka akiwa na umri wa miaka 48, bila shamba, bila cherehani, akiwa amebeba godoro la mama.

Hakuna katika ndugu zangu aliye mwovu. Hilo ndilo linalonitia hofu. Kila mmoja alifuata utaratibu anaoujua, na utaratibu ule haukuwa na mahali pa kuandika mashuka yaliyofuliwa usiku. Mtu pekee ambaye angeweza kupaandika alikuwa baba, na baba alinyamaza kwa kuwa hatukumwuliza, nasi hatukumwuliza kwa kuwa tuliogopa kuonekana tunamtamani afe.

Turudi sasa kwa Tobiti, tukiwa na swali la leo: mzee afanye nini? Nawasihi wazee, wanaume kwa wanawake, wosia uandikwe ungali na akili timamu na mkono usiotetemeka. Nitasema machache juu ya sheria ya Tanzania Bara, hasa kwa ajili ya makatekista ambao mara nyingi ndio huulizwa vijijini.

Sheria za mila juu ya urithi na wosia zilitangazwa na serikali mwaka 1963, katika Tangazo namba 436, na bado hutumika kwa familia nyingi zinazofuata ukoo wa baba. Humo wosia wa maandishi wa mtu ajuaye kusoma na kuandika hutaka mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje. Asiyejua kusoma na kuandika anahitaji wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje. Wosia wa mdomo nao hutaka wanne kwa namna hiyohiyo. Mashahidi wa wosia wa maandishi wawe watu wanaojua kusoma na kuandika. Weka tarehe, weka saini au dole gumba, andika kwa wino na wala si kwa penseli. Busara inatuambia pia kwamba shahidi asiwe mmoja wa wale wanaogawiwa. Karatasi hiyo usiifiche chini ya godoro. Waweza kuiacha kwa wakili, au ukaipeleka RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ambao hupokea wosia na kuutunza. Hata paroko wako aweza kuombwa akuhifadhie bahasha iliyofungwa, ila mtu mmoja unayemwamini na ajue ilipo.

Kuna mambo mawili katika sheria zile za 1963 ambayo napenda myasikie, kwa sababu yanagusa moja kwa moja jambo letu. La kwanza ni chungu. Kwa sheria hizo mjane hana fungu lake ikiwa mumewe ameacha jamaa wa ukoo. Fungu lake, zasema, ni kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza. Ukiisikia mara ya kwanza waweza kudhani ni hekima. Lakini matunzo hayapimwi kwa hatua za miguu kama shamba, wala hayana jiwe la mpaka; na mama akifukuzwa, ataonyesha nini mahakamani? Wengi wamezilalamikia sheria hizo, na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliyapokea malalamiko ya wajane wawili wa Tanzania na kuona kwamba haki zao zilivunjwa. Baba, usimwachie mkeo ahadi ya kutunzwa peke yake. Mwandikie nyumba anayolala. Na mngali hai wote wawili, kumbukeni kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake.

Jambo la pili watu wengi hawalijui. Sheria zilezile za mila humruhusu mwenye mali kumnyima urithi mtoto ambaye, bila sababu ya haki, hakumtunza wakati wa njaa au wa ugonjwa. Ila ni lazima aseme wazi kwamba anamnyima, na aeleze kwa nini. Sisemi hili ili mkawatishe watoto wenu. Nasema kwa sababu linaonyesha kwamba hata mababu, waliotupa desturi ya kumsahau binti, walijua kwamba mkono unaotunza na mkono unaorithi vina uhusiano. Na kama kumnyima mtoto aliyekutelekeza kunaruhusiwa, je, kumkumbuka binti aliyekubeba kutawezaje kuwa aibu?

Wengine watasema: Padre, binti hapewi ardhi ya ukoo. Nawajibu kwa habari iliyo wazi kwa kila mtu. Mkoani Kagera mama mmoja, Holaria Pastory, alirithi shamba la baba yake kwa wosia halali. Alipozeeka, bila mtu wa kumtunza, aliliuza. Jamaa yake Bernardo Ephrahim alimshtaki, akidai kwamba kwa mila mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Shauri lilifika Mahakama Kuu ya Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya aliamua kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume katika jambo hilo. Baadaye sheria za ardhi za mwaka 1999 zikatamka wazi haki ya mwanamke kupata na kumiliki ardhi. Angalieni lakini kilichomwezesha mama yule kusimama mahakamani tangu mwanzo: karatasi ya baba yake.

Pasipo wosia, kazi huwa ndefu. Ukoo hukaa na kupendekeza msimamizi wa mirathi, naye huthibitishwa na mahakama. Katika mahakama ya mwanzo msimamizi hutakiwa kuleta orodha ya mali na madeni ndani ya miezi minne. Makatekista, tafadhali rudieni neno hili katika jumuiya ndogo ndogo mpaka lizoeleke: msimamizi wa mirathi si mrithi wa kila kitu. Ni mtumishi anayekusanya, anayelipa madeni, anayegawa, kisha anayetoa hesabu. Nimewaona wasimamizi waliokaa juu ya mali ya yatima miaka 10 wakidhani wamepewa kiti cha enzi.

Wosia, hata hivyo, si kugawa kila kitu ungali hai. Hapa Yoshua bin Sira ni mkali kuliko mimi. Katika sura ya 33 anamwonya mtu asimkabidhi mwana, wala mke, wala ndugu, wala rafiki, mamlaka juu yake maadamu anapumua. Kwake ni afadhali watoto waitazame mikono ya mzazi kuliko mzazi kuitazama mikono ya watoto, na urithi ugawanywe siku za mwisho zinapofika. Nilimfahamu mzee aliyehamisha hati ya kiwanja chake kwa mwanawe ili kijana apate mkopo wa benki. Mwaka haukwisha, mzee akawa analala jikoni, karibu na mafiga. Alipenda kutania kwamba amestaafu ubaba. Wosia unaweza kubadilishwa. Hati uliyoitia saini hairudi kirahisi.

Nao watoto nina neno lao. Bwana wetu, katika Injili ya Marko sura ya saba, aliwakemea watu waliosema kwamba kile ambacho wazazi wangekipata kwao kimekwisha kuwa korbani, yaani sadaka kwa Mungu. Nimesimama altareni nikipokea michango ya ujenzi kutoka kwa watu ambao mama zao, najua, hawana chumvi. Nakiri kwamba niliipokea na kuwashukuru kwa majina. Ndugu mpendwa, kama mama yako analala na njaa, bahasha yako usiniletee mimi. Mpelekee yeye kwanza, na kanisa litasubiri bati zake.

Fedha unayotuma kwa simu ni njema, lakini haimgeuzi mgonjwa kitandani. Kaeni chini kama familia mngali na mzazi wenu, naye mwenyewe akiwapo na akisema anachokitaka. Nani atakaa naye? Anayekaa ameacha nini, na nyumba itamfidia kwa njia gani? Nani atampokea kwa mwezi mmoja katika mwaka ili huyu anayetunza apate kulala usingizi mzima? Mzee akianza kusahau, akimwita mwanawe kwa jina la kaka yake aliyekufa, akatoka usiku kutafuta ng'ombe waliouzwa zamani, nani atamfuata kwa taa? Bin Sira anataka tumvumilie baba hata akili zake zikipungua, wala tusimdharau kwa sababu sisi tuna nguvu. Na pale mtakapokubaliana, andikeni. Kama kikao kile kitamfanya mzee aseme neno juu ya kihamba chake, mwachieni aseme mpaka mwisho. Msimkatize kwa kumwambia kwamba ataishi miaka mingi.

Naona muda wangu wakaribia kwisha, nami sijamaliza habari ya dada yangu. Kwetu Uchagani mtu akitaka kuomba msamaha mzito hupeleka jani la isale, na anayeletewa jani hilo hapaswi kulikataa. Miaka mitano baada ya maziko ya mama, nilikata jani kwenye kaburi la baba, nikashuka nalo mpaka chumba alichopanga dada, nikampa. Alilipokea kwa mikono miwili, kama mila inavyotaka. Kisha akasema, "Nimekusamehe, Padre. Lakini jani hili lingefaa zaidi siku ile ya kikao." Nikanyamaza kwa mara ya pili, ila safari hii nilistahili.

Baada ya hapo niliwaita ndugu zangu. Mdogo wetu alikata kipande cha kihamba upande wa mfereji, kikaandikwa kwa jina la dada mbele ya mwenyekiti wa kijiji na mashahidi. Kaka yetu mkubwa hakukubali, na mpaka leo, Krismasi ikifika, haketi meza moja nasi. Ningependa kuwaambia kwamba mambo yamekwisha, hayajaisha. Karatasi ya baba ingalikuwapo, pengine angekasirikia karatasi, na leo tungekula naye.

Nawaacha na sura ya mwisho ya kitabu cha Tobiti. Mzee alipofariki, Tobia alimzika kwa heshima. Hakuhama upesi, alikaa na mama yake mpaka naye alipokufa, akamzika kando ya baba yake, kama alivyoagizwa siku ile. Ndipo alipomchukua mkewe na watoto, akasafiri hadi Media kwa wakwe zake. Nao walikuwa wazee tayari. Akawatunza kwa heshima katika uzee wao, na walipokufa akawazika huko Ekbatana.